Mbio za Kaburini

Paukwa!

Pakawa!

Hapo kale, huko kwa Wagiriki, kabla watu hawajajua kushindana kwa mbio, palikuwa na kijiji chenye mila mbaya. Sisemi nusunusu: mbaya. Akizikwa shujaa, vijana wawili walipigana kwa mikuki kando ya kaburi lake. Ka! Ka! Ka! Mpaka mmoja aanguke. Walisema maiti ana kiu ya damu.

Mzee Agelao alimzika mwanawe wa kwanza, aliyekufa vitani. Wa pili akapigana kwenye mazishi ya kaka yake. Ka! Ka! Ka! Akaanguka. Siku ya kumzika huyo wa pili, kaburi bado wazi, mkuu wa mazishi akamkabidhi mkuki kitindamimba wa mzee, Fereo. Mpinzani wake, Lisia, akawa anamtania kwamba huo mkuki umemzidi kimo.

Agelao alikuwa ameshika jembe. Akawaza kwa hasira: Maiti anazaa maiti, na sisi tunashangilia?

Akamrukia Fereo, akampokonya mkuki, akauvunja gotini. Pa!

"Mzee mwenzangu, kaburi lina kiu," mkuu wa mazishi akasema.

"Kaburi hili nimelichimba mimi. Aliye ndani nimemzaa mimi. Kiu yake wewe umeijulia wapi?"

Agelao akavitupa chini vipande vya mkuki.

"Alichokosa maiti ni pumzi. Basi mpeni pumzi."

Akaburuta jembe, akachora njia kulizunguka kaburi, mbali kule hadi kwenye mizeituni. Akaiweka chini ngao ya marehemu: atakayetangulia kurudi, ni yake. Vijana wakanung'unika kwamba huo ni mchezo wa watoto. Agelao akawaambia, anayeona kukimbia ni utoto aingie shimoni apime kama panamtosha.

Wakakimbia. Puku puku puku! Vumbi likatimka. Puku puku puku! Lisia akatangulia, akaitwaa ngao. Fereo akaja nyuma, ulimi nje, akajitupa juu ya udongo wa kaburi akihema. Ha! Ha! Ha!

"Mwanao ameshindwa," mkuu wa mazishi akamcheka.

"Ameshindwa," Agelao akajibu, mishipa ya shingo imemsimama. "Na jioni atakula kwangu. Walioshindwa kwa mila yako, wanakula wapi?"

Mikuki ikarudishwa majumbani. Tangu hapo kijiji kile kikawaaga wafu wake kwa mbio, na vijiji jirani vikaiga.

Shindano lisilomrudisha nyumbani aliyeshindwa si shindano, ni mauaji. Hadithi yangu naitua hapo. Mwenye kubisha akabishane na makaburi.