Kiapo cha Upande Mmoja

Ndugu zangu, kulikuwa na kijiji kimoja cha wafugaji ambako watu walilala jicho moja. Wezi wa mifugo walikuja, majirani wakashukiana, mikuki ikatoka, damu ikamwagika. Wakachoka. Wakakutana, wakamchagua mwanamume shupavu awe kamanda wa sungusungu, walinzi wa kijiji, na kila mtu akaapa mbele yake: nitakutii, wala sitapiga yowe mpaka uniruhusu. Kwa nini yowe? Kwa sababu mayowe ya uongo yalikuwa yamewagombanisha. Na yowe, mnajua, likipigwa hakuna ruhusa ya kubaki ndani.

Mjane mmoja aliapa kwa sauti kuliko wote. Alikuwa na ng'ombe mmoja tu, na watoto wake waliishi kwa maziwa ya ng'ombe huyo.

Wezi wakakoma kweli. Watu wakalala usingizi.

Siku moja, mchana kweupe, kamanda akaingia uani kwa yule mjane na vijana wake, akafungua zizi. Akasema walinzi nao lazima wale. Mjane akasihi, akataja watoto. Vijana wakatazama chini, lakini kamba hawakuiachia. Ndipo akapiga yowe.

Akasikia jirani akifunga mlango kwa komeo. Kisha jirani wa pili. Je, ninyi mngetoka?

"Hawaji, mama," kamanda akamwambia, tena kwa upole. "Wameapa. Hata wewe uliapa, ukatupasua masikio."

"Niliapa," akasema mjane. "Na wewe ulituapia nini?"

Kamanda akajibu, "Mimi? Mimi sikuulizwa."

Na hapo, ndugu zangu, hakusema uongo.

Ng'ombe akaenda. Mnauliza majirani walikuwa wapi? Walikuwa wakitii.

Sisi nasi tunaogopa wezi, na sisemi tukae bila mlinzi. Huko nako tulikotoka kuna makaburi. Lakini Mungu mwenyewe, asiye na wa kumwamuru, alipowataka watu wawe wake alifanya nao agano, akajifunga nalo. Basi ni mwanadamu gani huyu tunayempa rungu bila kumuuliza neno? Anayetaka tumwapie, naye atuapie, hadharani, sote tukisikia. Akikataa, tusiendelee kumtafuta mwizi. Tumeshampata, na zizi tunamfungulia wenyewe.