Aliyeliponya Gari la Nakundwa

Hapo zamani, si zile za mababu, ni juzi tu magari yalipokwisha kuzoea milima ya Upare, paliishi mama aitwaye Nakundwa. Kijiji kizima kilikuwa na gari moja, nalo lilikuwa lake. Wagonjwa liliwashusha hospitali bondeni, wenye uchungu wa kuzaa liliwashusha.

Ila lilikula tairi. Ukilivisha mpya, linazila upande wa ndani. Ukilivisha nyingine, linazila upande wa ndani. Mbili zilikwisha kupasukia konani. Nakundwa akagombana na muuza tairi mpaka wakanuniana.

Sasa binti yake, Namsifu, alikuwa na mimba ya miezi saba. Nakundwa aliuwaza mteremko wa kwenda hospitali na tairi zile za kupasuka. Akatangaza mbele ya watu: "Atakayeliponya gari hili, mwanangu akafika hospitali salama, ndiye atakayempa mjukuu wangu jina."

Akaja Nanzia, mshona katambuga, zile ndala za tairi kuukuu.

"Dada, mwache muuza tairi. Kila tairi yako ninayokata, ndani imekwisha, nje nzima. Gari lako linatembea limetanua miguu!"

Nakundwa akalipeleka kwa Mshana, fundi wa vyuma. Mshana akaingia chini ya gari, akatoka anacheka.

"Shangazi, springi zimelala kama mbwa juani!"

Akatoa zilizochoka, akatia ngumu, na shokapu, zinazotuliza mrusho, akazibadilisha. Gari likainuka. Nakundwa akashangilia. Wiki ya pili akapapasa tairi: sasa zinalika upande wa nje!

Akaenda kwa Elinami, anyooshaye magurudumu kwa kamba.

"Mama, gari likiinuliwa, magurudumu hugeuza uso. Lipakieni kwanza. Gari tupu halisemi kweli."

Namsifu akapanda na tumbo lake, na magunia mawili ya tangawizi. Elinami akavuta kamba toka gurudumu la nyuma hadi la mbele. Akalegeza nati, akapima. Akakaza, akapima. Asubuhi nzima. Tangu siku ile tairi zikalika sawasawa.

Uchungu ukaja na mvua. Nakundwa akashika usukani. Kona ya kwanza, gari likatii. Kona ya kumi, gari likatii. Hata ya mwisho, yenye tope, likatii. Wakafika, na mtoto akazaliwa papo hapo, kamba ya kitovu imemzunguka shingo. Mkunga akaifungua.

"Angezaliwa njiani," alisema, "tungekuwa tunasema mengine."

Siku ya saba wote watatu walifika, kila mmoja na jina lake mdomoni.

"Mimi niliuona ugonjwa," alisema Nanzia. "Bila mimi mngekuwa bado mnamtukana muuza tairi."

"Macho hayafungi nati!" Mshana akadakia. "Mimi niliinua mzigo wote."

"Ukazihamishia tairi ugonjwa upande wa pili," akacheka Elinami. "Mimi ndiye niliyezinyoosha."

"Ungenyoosha nini kwenye springi zilizolala? Kamba yako ingekunyoosha wewe!" Mshana akamrudishia.

Nakundwa alimpakata mjukuu, akawatazama mmoja mmoja. Kila aliyesema, Nakundwa aliona amesema kweli. Lakini mtoto ni mmoja, jina ni moja, na ahadi aliitoa mbele ya watu.

Haya, ninyi mliokaa mkinisikiliza, msimwachie Nakundwa peke yake: ni nani kati ya hao watatu ampe mtoto jina?