Mafuta ya Farasi Huanzia Puani

Mafuta ya farasi huanzia puani. Ndivyo nilivyosema, na neno langu silirudishi. Nimekuona, Tatu, ukichota singo, ule mchanganyiko wa manukato wa kumsugulia bibi harusi, kiganja kizima na kumbandika begani kama anayekandika ukuta. Mnacheka? Mnauliza farasi ameingiaje katika chumba cha harusi, na Pemba hii farasi mmemwona kwenye picha tu. Basi weka bakuli chini, mfunikeni mwenzenu khanga asipate baridi, mnisikilize. Methali hii haikushuka na mvua. Ilitoka nyumbani kwetu, na mwanzo wake ni huu.

Zamani, bibi yangu Raya akiwa bado na nguvu zake, palikuwa na tajiri wa mikarafuu aitwaye Bwana Seif bin Nasoro. Katika shamba lake la Mitondooni alikuwa na mtambo wa kukeneka, yaani kutoa kwa mvuke, mafuta ya makonyo, vile vijiti vya karafuu, na alikuwa na farasi mmoja, jike la kijivu jina lake Sururu. Kila Idi alimpanda kwenda kuswali, na watu walitoka majumbani kumtazama. Kumtazama farasi, si yeye.

Aliyemlea Sururu tangu akiwa mdogo ni Faki, kaka yake bibi yangu. Alikuwa saisi, yaani mtunza farasi. Alimsugua mwili asubuhi na jioni, alimsafisha kwato, alimkatia majani kwa mkono wake. Faki hakujaliwa mtoto. Watu walimtania kuwa binti yake ana mkia, naye aliwajibu kuwa walau binti yake hamsengenyi mtu.

Mwaka mmoja masika yalizidi, visubi wakajaa shambani. Walimuuma Sururu shingoni, chini ya yale manyoya marefu, na kwenye shina la mkia. Akawa anajikuna kwenye nguzo za banda mpaka ngozi ikachunika. Bwana Seif alipoona hivyo akatoa amri: apakwe mafuta ya karafuu.

Msimcheke. Sisi Wapemba ndivyo tulivyo. Jino likiuma, karafuu. Tumbo likisokota, karafuu. Mzee akishikwa na mgongo, karafuu. Lakini mafuta yale yalikuwa yametoka mtamboni siku ile ile, makali, hayajazimuliwa na kitu. Faki alimwomba kwa adabu yachanganywe kwanza na mafuta ya nazi. Bwana Seif akamjibu kuwa mafuta yake hayana ugonjwa hata yatiwe dawa. Akashika chupa mwenyewe, akaimimina juu ya shingo iliyochunika.

Wanangu, mafuta ya karafuu matupu juu ya kidonda ni moto. Sururu alilia kilio ambacho hakuna aliyewahi kukisikia kwa mnyama. Alikata kamba, akampiga teke mpwa wa Bwana Seif aliyekuwa karibu na kumvunja mkono. Tangu siku ile hakumkubali mtu. Ukisogea, alilaza masikio na kukugeuzia miguu ya nyuma. Faki naye alikataliwa, na hilo ndilo lililomuuma. Siku ya nne Sururu akaacha kula.

“Ikifika Ijumaa hajakubali kufungwa hatamu, nampiga risasi,” alisema Bwana Seif. “Mnyama mwenye wazimu hafugwi.”

Hiyo ilikuwa Jumanne. Faki alitembea mpaka kwa dada yake, akakaa kizingitini bila hata kupiga hodi.

“Raya,” alisema, “wanataka kumuua mwanangu.”

Sasa bibi yangu hakuwa mganga. Kazi yake ilikuwa hii mnayoifanya leo, kusinga maharusi, na katika kazi hiyo hakuwa na mwenzake toka Micheweni mpaka Mkoani. Nasema hivi kwa kujisifu, ndiyo, na nina haki. Jumatano alikusanya chupa zake kikapuni, na Alhamisi alfajiri akaenda.

Bwana Seif alimkuta uani asubuhi ile. “Bi Raya, hapa hapana harusi.”

“Najua, Bwana. Nimekuja kumjulia hali mgonjwa.”

Alisimama mbali na banda, akamtazama Sururu kwa muda mrefu. Akaona jambo moja. Kila mtu alipokaribia, kabla hajafika, pua za farasi zilitanuka, kisha ndipo masikio yakalala. Akamwita kaka yake, akamshika mkono, akaunusa.

“Faki, unanuka nini?”

“Karafuu. Sote hapa tunanuka karafuu.”

“Basi kwake yeye kila mmoja wenu amekuja na chupa ile.”

Akamtuma akaoge kwa ndimu na majivu, mara tatu, na avae nguo zilizotoka nyumbani kwake. Yeye mwenyewe akaoga vilevile. Kisha akatia matone machache ya mafuta ya mrehani katika kikombe cha mafuta ya nazi, akapaka kidogo kiganjani, akamnyooshea Sururu mkono kwa mbali. Farasi akanusa, akageuza uso. Bibi yangu akarudi nyuma, akanawa.

“Mpake basi!” Bwana Seif alisema. “Unangoja nini?”

“Amekataa.”

“Tangu lini farasi akaulizwa?”

“Bwana Seif,” alisema bibi yangu, “nimesinga maharusi arubaini na watatu. Hakuna hata mmoja niliyemgusa kabla hajanusa. Akigeuza uso, nabadilisha. Kumpaka mtu bila kumnusisha ni kuingia nyumba ya watu bila hodi. Wewe uliingia hivyo, na umetolewa.”

Hakuna aliyewahi kumwambia Bwana Seif neno kama hilo. Watu wote wa shamba waliangalia miguu yao. Mimi nikilikumbuka kifua kinajaa mpaka leo, na wala sikuwapo.

Kisha akachanganya mafuta ya mchaichai, aliyoyakeneka mwenyewe jikoni kwake. Safari hii masikio ya Sururu yalikuja mbele. Akanyoosha shingo, akavuta pumzi, akainua mdomo wa juu mpaka meno yakaonekana, watu wakadhani anacheka. Akapiga hatua moja. Ya pili. Bibi yangu angeweza kumpaka palepale na kuchukua sifa zote. Hakumpaka. Alimpa Faki kile kikombe.

“Mtoto ni wako. Mnusishe wewe.”

Faki alinyoosha mkono. Sururu aliunusa mkono, akaunusa mkono wa kanzu, akaja mpaka kwake na kumwekea paji la uso kifuani. Mwanamume yule alilia mbele ya watu, na hakuficha uso. Alimpaka pole pole kuzunguka vidonda, wala hakuvigusa, na visubi, ambao mchaichai hawaupendi, wakapungua. Jioni Sururu alikula.

Ijumaa, Bwana Seif alikuja na bunduki begani. Alimkuta Sururu mlangoni mwa banda, hatamu kichwani, Faki kasimama pembeni. Bwana Seif alifurahi kuliko alivyotaka kuonekana. Akanyoosha mkono amshike shingo.

“Bwana,” alisema Faki, “umenawa?”

Bwana Seif akasimama.

“Samahani, Bwana. Mafuta ya farasi huanzia puani.”

Tajiri yule aliutazama mkono wake. Akampa mtu bunduki, akaenda kisimani, akakata ndimu, akanawa mpaka viwiko. Alirudi na kiganja kitupu, akakiweka mbele ya pua ya farasi wake mwenyewe, akangoja. Wanasema alingoja mpaka adhana ya Ijumaa ikaanza, na jasho likimtoka. Ndipo Sururu alipokipumulia kiganja kile, na Bwana Seif akasema alhamdulillahi kwa sauti iliyosikika mtamboni.

Wafanyakazi waliondoka na maneno yale ya Faki, wakayapeleka majumbani kwao. Baadaye yakawa yanasemwa kwa mwalimu anayefunza kwa bakora, kwa mkwe mwenye zawadi nyingi, na kwa yeyote anayelazimisha wema wake.

Haya, Tatu, okota bakuli lako. Hapana, si begani. Mpelekee puani kwanza. Mwaona? Tangu asubuhi bibi harusi huyu hajafungua kinywa, mkadhani ni haya.

“Karafuu imezidi, bibi,” anasema. “Kichwa kinaniuma.”

Umesikia? Ongeza liwa, huo msandali wa kusaga, kisha mnusishe tena. Damu ya Bi Raya haimpaki mtu kwa nguvu. Mafuta ya farasi, mwanangu, huanzia puani.