Kuku Juu ya Kichwa cha Simba

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walikuwa na nyumba, vinu na masufuria yao, Simba alikuwa mfalme, na mfalme alipenda sana kutazamwa.

Basi sikieni, watoto. Simba alimwita Fisi amchore kwenye ukuta wa baraza. Fisi akachora kwa chokaa na mkaa. Manyoya ya shingo kama msitu! Meno thelathini, makali kama misumari! Kila aliyepita pale alilazimika kuinama. Wakainama, macho chini, wala hakuna aliyeitazama picha yenyewe.

Kindi naye ni mdogo, lakini mikono yake haitulii. Asubuhi moja akapanda ukutani na kipande cha mkaa. Kwaru! Kwaru! Akachora kuku anaatamia mayai juu ya kichwa cha Simba, na kifaranga anachungulia sikioni.

Pundamilia akapita. Akainama, akainua jicho moja. "Kwa-kwa-kwa!" Akaanguka chali! Twiga akaja, Ngiri akaja na wanawe, baraza zima likawa kicheko.

"GRRUUU!" Simba akatoka. "Nani kaniharibia sura?"

"Mimi, Bwana Mkubwa," akasema Kindi. "Ila sikuharibu. Nimechora."

"Umechora nini, wewe?" Fisi akaruka. "Picha ni yangu! Anayegusa kazi ya mwenzake si msanii, ni mharibifu. Akatwe mkia!"

"Akatwe! Leteni panga!" akanguruma Simba.

"Sawa, Bwana," akasema Kindi. " Anayeibadili sura ya mfalme akatwe mkia. Ndiyo sheria?"

"Ndiyo!"

"Hata akibadili unywele mmoja?"

"Hata nusu unywele!" Fisi akadakia.

"Basi tulinganishe picha na mwenyewe, tujue nani kabadili nini. Kuku ni wangu, nakiri. Sasa tuhesabu meno. Bwana Mkubwa, tafadhali, fungua kinywa."

Simba akafumba kinywa, ndi!

"Mmm-mmm!"

Mkewe alikuwa mlangoni anatwanga. Akaacha mchi. "Meno gani tena? Nyama yake si ndiyo hii naitwanga kila siku? Limebaki moja, nalo linacheza!"

Lo! Fisi akaukumbatia mkia wake kwa mikono miwili. "Bwana, mimi... mimi nilitia nakshi kidogo tu! Ile ni sanaa!"

"Na kuku wangu je?" akauliza Kindi.

Fisi akalitazama panga lililokwisha kuletwa. "Na... na kuku pia ni sanaa."

Simba akageuka, akaitazama picha kwa muda mrefu. Mabega yakaanza kumtikisika. Pfff! Akapasuka kwa kicheko, akacheka hadi akakaa chini.

"Mwacheni Kindi," akasema akifuta machozi. "Na huyo kuku asifutwe!"

Tangu siku hiyo wanyama wakipita pale hawainami. Husimama, wakatazama.

Nanyi wanangu, shikeni hili: anayepamba uongo asimkataze mwenzake kuchora kicheko.