Matairi Mawili ya Nyuma ya Gari la Damu

YAH: UTOAJI WA MATAIRI MAWILI (2) YA NYUMA, YASIYO YA MBELE, KWA GARI LA MBIO LA WILAYA

Ndivyo barua ya ofisi ya ugavi ilivyoanza. Kisa hiki nimeletewa na rafiki, naye aliletewa na mwingine. Kisome hadi chini, kisha umpelekee yeyote unayemjua mwenye mhuri mezani.

Katika wilaya moja ya milimani palikuwa na kituo cha afya kilichojengwa juu kabisa, mahali ambapo wakaguzi walifika mara moja na hawakurudi. Kutoka hospitali ya wilaya hadi huko ni kilomita thelathini na nane na kona arobaini na moja. Damu ya kuwaongezea wagonjwa ilihifadhiwa chini, wagonjwa walikuwa juu, na gari la wagonjwa lilipanda kwa saa mbili na nusu.

Siku moja polisi walikamata gari la mfanyamagendo. Lilikuwa gari la mbio, jekundu, limelala chini kama paka anayewinda, na injini yake ilisukuma magurudumu yote manne kwa pamoja. Wilaya ikapewa. Mkurugenzi alitaka kulitumia kwa mikutano, lakini kuingia ndani kulihitaji kuinama, na alikuwa mtu mwenye cheo. Kwa sababu hiyo tu likawa gari la damu.

Waling'oa kiti cha nyuma, wakaweka kasha la barafu. Dereva akawa Ngailo, aliyekuwa zamani fundi wa magari ya mashindano. Yeye alipanda kwa dakika hamsini.

Kwenye kona ya kumi na mbili, ambapo Ngailo alizoea kusimama kupoza injini, mama mmoja aitwaye Atupele aliuza mahindi ya kuchoma. Alikuwa mjamzito. Katika uzazi wake wa kwanza na wa pili alivuja damu hadi watu wakaanza kuulizana habari za jeneza. Muuguzi alikuwa amemwambia waziwazi: safari hii damu lazima iwahi.

"Shemeji," Atupele alimwambia Ngailo, "hilo gari lako likiharibika mimi nimekwisha. Kwa hiyo kula hindi bure, lakini ukalioshe."

"Kuoshwa halihitaji. Linahitaji matairi."

Ni kweli. Mawe ya barabarani yalikuwa yamepasua matairi mawili ya nyuma. Ngailo akaandika ombi, akaenda stoo kwa Kyando, mtunza stoo, mtu mpole aliyeiogopa leja yake kuliko alivyomwogopa mkewe.

Stoo ilikuwa na matairi mapya manne. Mawili yalikuwa na ukubwa uleule wa matairi ya mbele ya gari. Mawili mengine yalikuwa mapana zaidi. Kamati ya manunuzi, kabla ya kuagiza, ilikuwa imeona kwenye kalenda ya ukutani picha ya gari la mbio lenye matairi mapana nyuma, ikapendezwa. Ikaagiza hivyo, na leja ikaandikwa hivyo: mawili ya mbele, mawili ya nyuma.

"Nipe haya membamba," Ngailo alisema.

"Hayo ni ya mbele."

"Kaka, tairi halijui mbele wala nyuma."

"Leja inajua," Kyando alijibu kwa huzuni. "Wewe umepasua ya nyuma. Nikikupa ya mbele yafungwe nyuma, hayo ni matumizi kinyume na kusudio. Fomu yake inasainiwa na Mkurugenzi, na Mkurugenzi yuko semina."

"Semina ya nini?"

"Ya kupunguza urasimu. Wiki sita."

Ngailo akaenda kwa Afisa Ugavi, Bi. Nsungwe, mwanamke nadhifu aliyepanga kalamu zake kwa urefu. Akamweleza taratibu. Gari linalosukumwa na magurudumu yote manne hutaka matairi ya mbele na ya nyuma yawe na mzunguko mmoja. Yakitofautiana, lile dogo hulazimika kuzunguka mara nyingi zaidi kuliko kubwa kwa safari ileile. Katikati ya gari kuna difu inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Difu hiyo imeumbwa kuvumilia tofauti kidogo, ya kona tu. Ukiipa tofauti ya mchana kutwa, itapata moto mpaka ife.

Bi. Nsungwe alivaa miwani, akasoma namba zilizoandikwa ubavuni mwa matairi.

"Ya mbele: mia mbili ishirini na tano, arobaini na tano, kumi na saba. Ya nyuma: mia mbili arobaini na tano, arobaini na tano, kumi na saba. Namba mbili kati ya tatu zinakubaliana, Ngailo. Theluthi mbili. Kwa theluthi mbili watu hubadilisha katiba."

"Mama, hiyo arobaini na tano si kipimo, ni asilimia ya upana. Upana ukiongezeka na kimo kinaongezeka. Haya ya nyuma ni marefu."

"Imeandikwa wapi kwamba ni asilimia?"

Haikuandikwa popote kwenye tairi. Ngailo akaomba jambo moja: wafanye jaribio.

Matairi mapana yakafungwa nyuma. Uani, mbele ya kamati ya watu watatu, Ngailo alichora mstari wa chaki juu ya gurudumu la mbele na juu ya gurudumu la nyuma. Wakalisukuma gari polepole, wakihesabu kwa sauti. Gurudumu la mbele lilipomaliza mizunguko kumi, chaki yake ilikuwa juu kabisa. Chaki ya nyuma ilikuwa bado upande, imebakiza zaidi ya robo ya mzunguko.

Hata Kyando alisogea kutazama.

"Basi mnaona," Ngailo alisema. "Hiyo ni hatua ishirini tu. Fikirieni kilomita thelathini na nane, mlimani, kila siku."

"Kwa hiyo utachelewa kufika?" aliuliza mjumbe mmoja.

"Sitachelewa mimi, mzee. Yatachelewana magurudumu, na difu ndiyo itakayolipia."

Bi. Nsungwe alifikiri kwa muda wa kutosha, na nadhani kwa dakika moja hivi alikaribia kabisa kuelewa. Kisha akamgeukia karani. Muhtasari wa siku ile unasema: *Gari lilisukumwa. Gari lilitembea.*

Palibaki fomu ya kupokea matairi, ambayo dereva huisaini kuthibitisha kwamba yanafaa. Ngailo akakataa. Siku nne gari lilisimama, na damu ilipanda kwa gari la wagonjwa. Siku ya tano muuguzi alipiga simu. Mtoto wa miaka mitatu, malaria kali, damu imekwisha mwilini.

"Saini uende," alisema Bi. Nsungwe, "au andika hapa kwamba umekataa kumwokoa mtoto. Fomu ya kukataa pia ipo."

Ngailo alisaini. Alipanda kwa dakika hamsini na tano, na mtoto akapona.

Hapo ndipo alipopoteza hoja yake. Gari lilifika, kwa hiyo matairi yanafaa. Alipoandika kwamba kwenye kona kali gari sasa linajikaza kama punda asiyetaka kuvuka mto, alijibiwa kwamba malalamiko yake yanapingana na saini yake. Alipoandika kwamba mafuta ya difu yananuka kuungua, alijibiwa kwamba harufu haina safu kwenye fomu.

Kila alipopita kona ya kumi na mbili, Atupele aliziba pua.

"Shemeji, unakaanga nini humo ndani? Vitunguu?"

"Difu."

"Inaliwa?"

"Inajila yenyewe." Kisha akamwuliza, "Siku zako lini?"

"Mwisho wa mwezi ujao. Hilo gari litafika mwisho wa mwezi ujao?"

"Mkurugenzi akirudi mapema, litafika," alisema Ngailo, akitazama pembeni.

Uchungu wa Atupele ulikuja wiki mbili kabla ya tarehe. Wakambeba hadi kituoni, akajifungua salama mtoto wa kike, na baada ya hapo damu haikukatika. Muuguzi alipiga simu saa nne na nusu asubuhi. Saa nne na dakika arobaini Ngailo alikuwa barabarani, na kwenye kasha la barafu palikuwa na chupa tatu.

Kwenye kona ya kumi na mbili jiko la mahindi lilikuwa limezimwa. Hakusimama.

Alipofika kona ya ishirini na tisa, pakatoka kishindo chini ya gari kama sinia la chuma lililoangushwa. Magurudumu yote manne yakagoma kwa wakati mmoja. Moshi ukapanda katikati ya viti. Injini ilikuwa nzima, matairi yalikuwa mazima, na gari halikusogea hata shubiri.

Simu haishiki mawimbi pale. Ngailo alibeba kasha begani, akakimbia. Alikuwa na miaka hamsini na minne, na zilibaki kilomita tisa za mlima. Baada ya muda mrefu akatokea mwendesha bodaboda aliyepakia kabichi.

"Nini hicho, mzee?"

"Damu. Ya Atupele wa mahindi."

Yule alikata kamba, kabichi zikabiringika korongoni, wakapanda.

Walifika saa sita na robo. Muuguzi alikuwa amekaa nje kwenye ngazi, na hakusimama kulipokea kasha. Atupele alikuwa amefariki saa sita kasoro dakika tano.

Tume iliundwa. Ilikagua matairi yote manne na kuyakuta katika hali nzuri. Ilimkuta Ngailo na kosa la kuthibitisha kwa saini yake kitu alichojua hakifai. Akahamishiwa getini, kazi ya kuandika namba za magari yanayoingia.

Mkurugenzi aliporudi kutoka semina alihuzunika sana, kwa maandishi. Akaagiza gari lile, ambalo halitengenezeki tena, lipandishwe juu ya jukwaa la zege mbele ya ofisi, liwe kielelezo kwa Wiki ya Usalama Barabarani. Wakalivuta. Fundi wa zege, mtu anayependa kazi yake, akaweka pimamaji, kifaa cha kupimia usawa, juu ya paa. Gari lilikuwa limeinamia mbele.

"Haiwezekani," alisema Mkurugenzi. "Mgeni rasmi atadhani jukwaa letu limepinda."

Ngailo akaitwa kutoka getini, maana ndiye pekee aliyejua kulifungua. Akasema yatolewe matairi mapana ya nyuma, yawekwe yale membamba yaliyoko stoo. Kisha akasubiri aambiwe kuhusu fomu.

Dakika kumi baadaye Kyando alikuja akiyabingirisha mwenyewe, moja kwa kila mkono.

"Fomu iko wapi?" Ngailo aliuliza.

"Haihitajiki." Kyando alikuwa anatazama viatu vyake. "Gari lilifutwa kwenye leja ya magari. Sasa limeandikwa samani za ofisi. Samani hazina mbele wala nyuma." Kisha akaongeza, kwa sauti ndogo, "Kaka, usinitazame hivyo."

Ngailo hakumtazama. Alipiga jeki, akafunga tairi la kwanza, akafunga la pili, akakaza nati zote kwa zamu kama inavyotakiwa, ingawa gari halikuwa linakwenda popote. Fundi akaweka tena pimamaji. Sasa gari lilikuwa sawa kabisa, mbele na nyuma. Bi. Nsungwe alilipiga picha kwa ajili ya ripoti.

Funzo: Kitu kisichofaa hakianzi kufaa kwa sababu kimefika salama mara ya kwanza. Gari lile lilipanda mlima na matairi yasiyolingana mara ishirini na moja. Mara ya ishirini na mbili liliishia kona ya ishirini na tisa, na mama aliyekuwa analisubiri akafa.