Idara ya Mashimo na Viota

Paukwa!

*Pakawa!*

Nani huyo kaitika kwa pua? Paukwa!

*Pakawaaa!*

Haya, sogeeni. Watoto mbele, wakubwa nyuma. Na mkubwa mwenye ofisi asikae karibu na mlango. Leo hatoki mpaka nimalize.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na serikali, mbuga moja ilikuwa na idara mbili za makazi. Idara ya Viota ilihudumia ndege, juu mitini. Idara ya Mashimo ilikuwa na mtumishi mmoja tu, Mhanga. Masikio marefu, pua ndefu, kucha kama majembe. Mhanga alilala mchana, akachimba usiku. Kwaru, kwaru, kwaru! Asubuhi shimo lipo.

Katika shimo moja aliishi ngiri mwenye watoto wanne. Kitindamimba wake aliitwa Kiduchu, na mama akaitwa Mama Kiduchu. Ngiri hachimbi shimo lake. Hukaa katika shimo la Mhanga, na ana desturi yake ya kuingia. Watoto kwanza, mama mwisho, tena kinyumenyume, meno yabaki mlangoni. Chui akija, anakutana na meno. Moto ukija, unapita juu.

Mwaka ule mvua ilizidi, shimo likabomoka. Bwaa!

"Si neno," akasema Mama Kiduchu. "Nitamwambia mjomba Mhanga."

Siku zote ilikuwa hivyo. Unakwenda mlangoni kwake jioni, unasema, "Mjomba, shimo limekufa." Anakujibu, "Nimesikia, mpwa wangu." Basi. Kesho unahamia.

Lakini mwaka uleule Mtemi Nyati aliitisha mkutano. Akasema, "Idara ni nyingi mno. Nataka ufanisi. Nyani, kakague."

Nyani akakagua. Alifika kwa Mhanga saa sita mchana, jua la utosi. Akachungulia. Khorrr! Mhanga amelala. Nyani akaandika: *Amelala.* Kesho yake akaja saa sita. Khorrr! Akaandika: *Bado amelala.* Siku ya tatu akaja saa ileile. Khorrr! Taarifa ikakamilika.

Idara mbili zikawa moja, Idara ya Mashimo na Viota. Mkurugenzi, Nyani. Mhanga akahamishiwa kusuka viota, zamu ya mchana.

Mama Kiduchu akaenda ofisini, chini ya mgunga. Nyani alikuwa tawini.

"Shikamoo, mkurugenzi."

"Marahaba. Tatizo?"

"Shimo limebomoka. Kiangazi kimeingia, moto u njiani. Nina watoto wanne."

"Tumekusajili. Njoo wiki ijayo."

Wiki ijayo akaja.

"Una bahati, mama," akasema Nyani. "Umepata makazi." Akaonyesha kidole juu. Kulikuwa na kiota.

"Kiota? Mimi ni ngiri!"

"Idara sasa ni moja. Shimo ni kiota cha chini. Kiota ni shimo la juu. Tumerahisisha."

"Nitapandaje?"

"Kupanda hakuko chini ya idara yetu."

Kasuku, karani wake, akacheka kwe-kwe-kwe. "Ota mabawa, mama!"

Mama Kiduchu akatazama huku na huku. Akamwona Mhanga juani, machozi yanamtiririka, ameshika nyasi. Akivuta kidogo, ngwaa! Kiota kimepasuka.

"Mjomba!"

"Nisamehe, mpwa wangu," akanong'ona Mhanga. "Kuchimba kumefutwa. Nikichimba nafukuzwa."

Siku ya tisa baada ya hapo, alasiri, moto ukaja. Vuuu! Ta-ta-ta-ta! Mama Kiduchu akakimbia, watoto nyuma mkia juu. Shimo la kwanza, limejaa udongo. Shimo la pili, limebomoka. Shimo la tatu, nungunungu na jamaa zake wamebanana, hata panya hapiti. Mbio mpaka mtoni. Akageuka. Watoto watatu.

Kiduchu alikuwa wa mwisho. Miguu yake ilikuwa mifupi.

Moto ulipozimika, Mtemi akaitisha mkutano mwingine. "Pole, mama. Nimehuzunika. Naunda tume ichunguze moto."

Nyani akainua kidole. "Mtemi, kiota alipewa. Hakukitumia. Imeandikwa."

Mama Kiduchu akasimama.

"Nyani. Ulikagua saa ngapi?"

"Saa sita mchana. Mara tatu."

"Mhanga huchimba saa ngapi?"

Nyani akajikuna.

"Hujui. Hukumuuliza yeye. Hukuniuliza mimi niliyelala shimoni. Na moto ulipokuja, ulikuwa wapi?"

"Juu ya mwamba."

"Mwamba huo ulisajiliwa wiki gani?"

Safari hii Kasuku hakucheka.

"Mama, punguza sauti," akasema Mtemi.

"Sipunguzi! Mmepunguza idara. Mmepunguza mashimo. Mmenipunguzia mtoto. Sauti hii ni yangu, na haipunguzwi na mtu!"

Akamgeukia Mhanga. "Mjomba, twende."

Mhanga akatupa nyasi. Akatangulia. Ngiri akafuata, nungunungu wakafuata, mbweha akafuata, wote walalao chini ya ardhi wakafuata. Mtemi akaita, hakuna aliyegeuka. Nyani hakufukuzwa. Yuko tawini kwake hadi leo, mkurugenzi wa viota ambavyo ndege hujisukia wenyewe.

Jua likazama. Mhanga akatema mate kuchani.

"Mpwa wangu, nichimbe la watoto wangapi?"

"Wanne," akasema Mama Kiduchu.

Mhanga hakuuliza tena. Kwaru, kwaru, kwaru!

Basi sikieni, wadogo na wakubwa. Ukitaka kupanga kazi upya, nenda ukaione saa inapofanyika. Na kabla hujaifuta, muulize anayeitegemea. Usipomuuliza, yeye ndiye atakayelipa, wala si wewe.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni mwa shimo la watoto wanne. Sasa mwenye ofisi anaweza kutoka.