Gari la Mkufunzi Lihanga

Mkufunzi Lihanga alikuwa na kanuni moja pale chuoni: atakayeingia darasani baada yake hafanyi mtihani. Siku ya mtihani wa mwisho, Sikudhani alichelewa, akakuta mlango umeshafungwa. Akabisha.

"Rudi ukalale!" Lihanga alifoka kutoka ndani.

"Sawa, Mwalimu. Lakini lile gari jeupe hapo nje si lako?"

Lihanga alichomoka mbio, akalizunguka gari lake mara mbili, asione kitu. Aliporudi, Sikudhani alikuwa ameketi, kalamu mkononi.

"Gari langu lina nini?"

"Halina kitu, Mwalimu. Ni zuri tu."

"Toka! Umechelewa!"

"Anayetolewa ni aliyeingia baada yako. Mimi nimekutangulia."

Darasa zima likaangua kicheko.

"Ila wewe ingia tu, Mwalimu," Sikudhani akamwambia. "Sisi hatufukuzi mtu."